Obama hajaisha, lakini watu wake wana haki ya kukasirika

Columbus, Ohio
19 Desemba 2010

Swahiba,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, baridi kali na theluji ipo mpaka mlangoni lakini tushazoea, natumai wewe na mama na wote huko Mombasa hamjambo. Meseji yako niliipata, ile unayouliza kwani Obama amewauza watu wake kwa Warepublikan na ile dili ya ushuru, na kama ndo basi tena 2012 harudi, nikaona kwa simu hatutamaliza bora nikae nikuandikie, manake hii habari kazini tunaibishania kila saa ya chakula na mimi nina msimamo wangu.

Kwanza dili yenyewe uielewe. Bush alishusha ushuru 2001 akashusha tena 2003, lakini sheria ile iliwekewa mwisho, 31 Desemba mwaka huu. Obama kwenye kampeni ya 2008 alisema waziwazi, familia inayopata chini ya dola 250,000 kwa mwaka itabaki na nafuu yake, aliye juu ya hapo arudi kulipa kama enzi za Clinton. Hilo alilirudia kila alikokwenda. Sasa tarehe 6 mwezi huu katoka kasema wamekubaliana nafuu ibaki kwa wote miaka miwili, matajiri nao ndani. Na juu yake ushuru wa urithi, ambao Januari ungerudi asilimia 55 kwa mali inayozidi dola milioni moja, utakuwa asilimia 35 na milioni 5 za kwanza haziguswi kabisa. Hii ya urithi ndo iliyowachoma wabunge wake kuliko yote, walijaribu kuibadilisha dakika za mwisho wakashindwa 194 kwa 233.

Alichopata yeye hakitajwi sana, na mimi ndo kinachonigusa. Zile pesa za wasio na kazi, zinazotoka serikali kuu baada ya wiki za jimbo kuisha, zilikatika 30 Novemba, yani watu kama milioni mbili walikuwa wanaingia Krismasi na Januari bila kitu. Sasa zimerudishwa kwa miezi 13. Kuna jamaa tulikuwa tunapakia naye mizigo ghalani, ana watoto watatu, alipunguzwa kazi mwezi wa nne na mpaka leo anatafuta, kwake yeye hii sio siasa ni kodi ya nyumba. Alafu kuna makato ya mfuko wa uzeeni, ile Social Security, kama NSSF yetu, mwaka 2011 wote yanashuka kutoka asilimia 6.2 mpaka 4.2, kwahiyo mtu wa dola 30,000 kwa mwaka anabakiwa na dola 600 zaidi.

Ila hapohapo pana shimo ambalo wengi hawalioni. Ile nafuu ya mpaka dola 400 kwa mfanyakazi aliyoileta Obama mwenyewe 2009 haikuongezwa, kwahiyo mtu asiye na mke wala mume anayepata chini ya dola 20,000 mwaka ujao atakuwa chini kuliko mwaka huu. Wa dola 15,000 alikuwa na 400, sasa 300. Hao ndo kina mama tunaopanda nao basi alfajiri wakitoka kusafisha maofisi. Na wale walioshamaliza wiki zao 99 za pesa za wasio na kazi, ambazo ndo ukomo, hawakuongezewa hata wiki moja. Mwenye mamilioni ya urithi kafikiriwa vizuri, huyu wa mwisho kabisa kasahaulika, na wallahi hilo linaniuma hata kama dili naiunga mkono.

Sasa hasira. Tarehe 9 wabunge wa Democratic walikutana wenyewe kwa wenyewe wakapiga kura kwamba mswada usiletwe ukumbini jinsi ulivyo, kura isiyo na nguvu ya sheria lakini ni chama cha rais hicho, dhidi ya rais. Kesho yake Bernie Sanders wa Vermont, ambaye si mwanachama ila anakaa upande wao, alisimama Seneti akaongea zaidi ya saa nane kuipinga. Na siku hiyohiyo Obama akamleta Bill Clinton mbele ya waandishi waitetee pamoja, alafu akaaga ati Michelle anamngoja kwenye sherehe ya Krismasi, akamwachia Clinton jukwaa lake. Pale nilisikitika sana, jambo limekugawia chama nusu kwa nusu unakaa ulitetee mwenyewe mpaka swali la mwisho, humwachii rais wa zamani.

Mwisho Seneti wakapitisha 81 kwa 19, na Baraza la Wawakilishi wakapitisha usiku wa manane 277 kwa 148, ambapo Wademokrat 139 walikubali na 112 wakakataa. Ijumaa Obama akatia saini. Mitch McConnell, mkubwa wa Warepublikan Seneti, alikuwepo. Nancy Pelosi na Harry Reid, viongozi wa chama chake mwenyewe, hawakuwepo. Picha hiyo ilisema yote kuhusu hali ya chama.

Lakini swahiba mimi nasema hasira yao wameielekeza kwa mtu mmoja na haikuanza kwake peke yake. Mwezi wa tisa Wademokrat walikuwa na wingi kwenye mabaraza yote mawili, uchaguzi bado, na walikuwa na hoja nzuri kabisa ya kuuliza kila Mrepublikan kama yuko tayari kumnyima mwalimu nafuu yake kwa ajili ya bilionea. Hawakupiga kura. Wale wa majimbo magumu waliogopa matangazo ya TV ya kusema wamepandisha ushuru, wakaenda kufanya kampeni, na Novemba walianguka hivyohivyo, viti 63, hapa Columbus mbunge wetu Mary Jo Kilroy ameondoka na gavana wetu Ted Strickland pia ameondoka. Baada ya kupigwa ndo wanaleta kura, tarehe 2 wawakilishi wanapitisha nafuu ya chini ya 250,000 peke yake, tarehe 4 Seneti inapata kura 53 na zinatakiwa 60 kuvuka kizuizi cha Warepublikan, na maseneta wote 42 wa Republikan walishaandika barua kwamba hakuna mswada utakaopita mpaka ushuru umalizwe. Sasa afanye nini? Aache nafuu ife kwa wote, kila mfanyakazi aone mshahara umepungua Januari, alafu akaanze upya na Mrepublikan John Boehner kwenye kiti cha Spika? Yeye mwenyewe tarehe 7 alisema kujadiliana na watekaji nyara si vizuri isipokuwa kama mateka ataumia, na mateka hapa ni wananchi. Kwa hilo namuelewa na namuunga mkono.

Lawama yangu kwake ni nyingine. Septemba yeye pia hakuwasukuma. Na alipoanza kuzungumza na Warepublikan, akamtuma makamu wake Biden kwa McConnell mpaka wakakubaliana, wabunge wake wakaletewa kitu kimeshapikwa, alafu waliponuna akawaambia mbele ya kamera kwamba wanajiona wasafi wasiotaka kukubali nusu. Wewe unayeishi chini ya serikali ya nusu mkate ya Kibaki na Raila unajua, watu wako wanaweza kukubali ugawane na mpinzani, wasichosamehe ni kusikia habari kama wageni. Mtu aliyekupigia hodi mlango kwa mlango kwenye theluji 2008 anastahili kuambiwa mapema, na kwa upole.

Je ameisha? Mimi naona hapana. Wanaopiga kelele zaidi ni viongozi na wanaharakati, ila kura za maoni zinaonyesha raia wengi wameikubali dili, na hata Wademokrat wa kawaida wengi wao. Kuna wanaosema atafutiwe mpinzani ndani ya chama 2012, na hilo sio la kupuuza, Carter alipata Ted Kennedy 1980 akaanguka, na Bush mzee alivunja ahadi yake ya ushuru kwa kukubaliana na Wademokrat 1990, Newt Gingrich wa chama chake mwenyewe akamgomea, Pat Buchanan naye wa chama hichohicho akamsumbua kwenye kura za mchujo 1992 na mwisho Clinton akamng'oa. Lakini mpaka leo hakuna jina lililojitokeza la kumkabili Obama, na watu weusi wako naye karibu wote, bila hao humshindi ndani ya Democratic. Alafu tangu dili ipite mambo yameanza kufunguka, jana tu Seneti imefuta ile sheria ya kuwafukuza mashoga jeshini, na mkataba wa nyuklia na Urusi uko mezani unajadiliwa. Wiki mbili nyuma vyote vilionekana vimekwama.

Kinachonipa wasiwasi ni tarehe. Nafuu hii inakwisha tena 31 Desemba 2012, wiki chache tu baada ya uchaguzi wa rais, kwahiyo ugomvi huuhuu utazungumzwa kampeni nzima na safari hii hawezi kukwepa. Akishinda hatakuwa na kura nyingine ya kuogopa, na hapo asipowarudisha wale wa juu ya 250,000 basi mimi mwenyewe nitakubaliana na wewe kwamba aliwauza. 2008 sikuwa na kura, ila makaratasi yangu ya uraia yanaendelea vizuri na 2012 inshallah nitapanga foleni, na nitampigia, nikijua namdai nini.

Niambie huko wazee barazani wanasemaje, naamini bado wanamuita mtoto wetu. Msalimie mama sana, na zile picha za harusi usisahau kuzituma.

Wako,
Swahiba wa Columbus