Kiswahili katika vichekesho vyetu kisiishie kwa afande

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu kuhusu vichekesho na filamu zinazotengenezwa hapa Uganda. Mimi si mhakiki wala si mtu wa sanaa. Ni mtazamaji wa kawaida, anayekaa mbele ya runinga jioni na watu wa nyumbani kwake na kutazama kile kilichopo. Katika kutazama huko nimeona kwamba Kiswahili, ambacho kwetu Tororo ni lugha ya sokoni, ya ujirani na ya safari, hakiingii katika kichekesho cha Kampala ila kimevaa sare. Mhusika akifungua tu kinywa kwa Kiswahili, mtazamaji anajua papo hapo kwamba huyo ni askari wa kizuizi cha barabarani, mlinzi wa getini au jambazi, na kwamba sentensi itakayofuata itakuwa amri au madai ya kitu kidogo.

Mtindo wenyewe haubadiliki. Kwa nusu saa nzima watu wanaongea Kiganda na Kiingereza: wanachumbiana, wanagombania kodi ya nyumba, wanadanganyana kuhusu mshahara, wanazozana na mawifi. Kisha gari linasimamishwa, anatokea mtu mwenye bunduki ya mbao na miwani myeusi, naye anapaza sauti: "Wewe! Kuja hapa! Natoka wapi? Toa kitambulisho! Lala chini!" Hapo ndipo kicheko kinapotarajiwa. Hakuna aliyesema neno la kuchekesha. Kinachotakiwa kutuchekesha ni lugha yenyewe na jinsi ilivyovunjwavunjwa. Afande huyo hana jina, hana mke, hana deni, hana hata sababu ya kuwa pale barabarani zaidi ya kutisha na kuchekwa. Nimeliona jambo hili katika tamthilia za runinga, katika maonyesho ya jukwaani yanayorekodiwa, na zaidi sana katika vichekesho vifupi vinavyosambazwa kwa simu, ambavyo siku hizi vijana wengi huvitazama kuliko wanavyoitazama runinga.

Ninajua mtindo huu haukuzuka bure. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, kikaendelea kuwa lugha ya kambi baada ya uhuru, na mwaka 1973 Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa, wananchi wengi walikipokea kama kitu kilichosukumwa kwao kwa mtutu wa bunduki. Wazee wetu waliosimamishwa kwenye vizuizi vya miaka ya sabini na themanini waliyasikia maneno yaleyale yanayoigizwa leo, na hapakuwa na wa kucheka. Ndiyo maana sina ugomvi na filamu ya The Last King of Scotland ya mwaka 2006. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili ili amwigize Amin, akapata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora kwa kazi hiyo, na Kiswahili cha mle ndani kina haki ya kuwa cha kijeshi kwa sababu hadithi ni ya mwanajeshi na ya zama zake. Tena Amin wa filamu ile anatania, anabembeleza na kuwavuta watu kabla ya kuwaogofya. Yaani hata dikteta amepewa utu kamili ambao afande wa vichekesho vyetu hajawahi kupewa. Kichekesho kinachohusu mwenye nyumba na mpangaji wake wa Ntinda, mtaa wa Kampala, katika siku hizi zetu hakisimulii mwaka 1974, kwa hiyo hakiwezi kujificha nyuma ya historia hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watengenezaji wetu ni watu wanaoijua kazi. The Girl in the Yellow Jumper ya Loukman Ali, ambayo ilifika Netflix mwishoni mwa mwaka 2021, ni filamu ninayoweza kuirudia bila kuchoka, kwa sababu mwongozaji anajua kumficha mtazamaji jambo bila kumlaghai, na kwa sababu ucheshi wake unatoka ndani ya hatari: watu waliomo matatani wanasema mambo ya kawaida kabisa, na ukawaida huo ndio unaochekesha. Kisha kuna Tembele ya Morris Mugisha, inayomhusu mzoa taka wa Kampala aliyefiwa na mtoto wake mchanga na kushindwa kuukubali msiba. Filamu hiyo iliniingia moyoni kwa sababu inamheshimu mtu ambaye katika vichekesho vyetu angepitishwa tu na mzigo wake wa taka ili wengine wazibe pua. Mwaka 2022 ndiyo iliyokuwa filamu ya kwanza ya Uganda kupelekwa kushindania Oscar ya filamu ya kimataifa.

Mwaka huohuo Tanzania ilipeleka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Namwomba kila mwandishi wa tamthilia wa Kampala aitazame, hata kama siasa za Zanzibar ya miaka ya hamsini hazimhusu. Mle ndani binti mwenye asili ya Kihindi anatoroka ndoa asiyoitaka, anakutana na kijana anayeupinga utawala wa Waingereza, na mambo yote makubwa kati yao yanasemwa kwa Kiswahili cha sauti ya chini. Polisi wamo, na vitisho vimo, lakini lugha si mali ya polisi. Anayekamata na anayekamatwa, anayependa na anayekataa, wote wanaitumia, na kila mmoja anaisema kwa namna yake. Baada ya kuitazama nilijiuliza ni lini nimewahi kumwona mwigizaji wa Uganda akimwambia mtu kwa Kiswahili kwamba anampenda, au akimwombea maiti, au akimtuliza mtoto, na sikupata mfano hata mmoja.

Kwa upande wa vichekesho, sisi tunaoishi karibu na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya, tumelelewa na runinga ya Kenya kama tulivyolelewa na ya kwetu, na kwa hiyo tunayo mizani. Katika Vioja Mahakamani, kipindi ambacho kizazi baada ya kizazi kimekikuta hewani, mshtakiwa anasimama kizimbani na kujitetea kwa Kiswahili kirefu chenye hoja, na kila hoja anayoitoa inamsogeza karibu zaidi na gereza. Huko ndiko kuchekesha: mtu anajichongea kwa akili zake mwenyewe, nasi tunaiona hatari kabla yake. Kiswahili cha hakimu si cha mwendesha mashtaka, na cha mwendesha mashtaka si cha mwizi wa kuku, ingawa wote wamo katika chumba kimoja.

Mfano ulio karibu zaidi na malalamiko yangu ni Papa Shirandula wa Citizen TV, kwa sababu Papa naye alikuwa mlinzi wa getini. Marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, alimwigiza mtu anayelinda kampuni mchana huku nyumbani akimwaminisha mkewe kwamba ana kazi kubwa ya ofisini. Lafudhi yake ya Kiluhya ilikuwa nzito, na watu waliifurahia, lakini kipindi kisingedumu miaka yote ile kwa lafudhi pekee. Kilidumu kwa sababu mlinzi huyo alikuwa na uongo wa kuulinda zaidi ya geti, na kila mgeni aliyefika kazini alikuwa tishio kwa heshima yake ya nyumbani. Mtazamaji alicheka huku akimwonea huruma, maana nani asiyemjua baba anayeona haya kusema kazi anayoifanya? Sare ni ileile na lugha ni ileile, lakini huyu ni mtu na yule wa kwetu ni kinyago tu.

Nao Watanzania wana urithi wao. King Majuto, aliyetutoka Agosti 2018, alikuwa akiuchekesha uzee wenye ukaidi na tamaa, na Joti mpaka leo anaweza kuwa babu, mama au mtoto wa shule, kila mmoja na Kiswahili chake. Sisemi kwamba kila kinachotoka Nairobi na Dar es Salaam ni kizuri. Vichekesho vingi vya sasa vya huko vimerefushwa kupita kiasi, vinabandikwa sauti za vicheko na za makofi mahali ambapo hakuna lililosemwa, na mwigizaji akikosa neno anakodoa macho kwa kamera. Hayo yananichosha kama yanavyonichosha ya kwetu.

Wala sidai kwamba Uganda haina wachekeshaji. Anne Kansiime alipata watazamaji nchi nyingi kwa sababu mwanamke anayemwigiza ana tabia inayoeleweka: hakubali kushindwa na ana jibu kwa kila mtu, awe mume, jirani au mgeni wa heshima. Nabwana IGG, mwongozaji wa mtaa wa Wakaliga hapa Kampala, alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha ambazo hazingetosha hata kuwalipa chakula watengenezaji wa nchi nyingine, na sauti ya VJ Emmie iliyowekwa juu yake ni sanaa ya kwetu kabisa, iliyozaliwa katika vibanda vya video ambako VJ hutafsiri, huongeza utani na kuwapa wahusika maneno ambayo hawakuyasema. Watu wenye ubunifu wa namna hiyo hawawezi kushindwa kumwandikia mama muuza samaki mistari kumi ya Kiswahili safi.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu watoto wetu wanatazama. Katiba yetu imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 umekifanya kuwa somo la lazima kwa wanafunzi wa Senior One na Senior Two. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kianze kutumika kama lugha rasmi na kifundishwe katika shule za msingi na za sekondari. Mwalimu anahangaika asubuhi kumfundisha mtoto kusema "njoo hapa, tafadhali", na jioni runinga inamfundisha "kuja hapa" kwa sauti ya kutisha. Hapa mtaani kwetu, mtoto akitaka kuigiza Kiswahili, kwanza anaokota fimbo na kuishika kama bunduki. Hakuna mwalimu aliyemfundisha hivyo, na sioni atakavyoipenda lugha ambayo kwake ni mchezo wa kutishana.

Najua jibu la watengenezaji: watazamaji wanaolipa wako Kampala, na Kampala inaongea Kiganda. Siombi kipindi kizima kigeuzwe. Tangu chaneli ya runinga ya Pearl Magic ilipoanza mwaka 2018 tumezoea tamthilia zinazochanganya lugha na kuandikwa tafsiri chini ya picha, na hakuna aliyezima runinga kwa sababu hiyo. Ninachoomba ni kwamba watu wanaosema Kiswahili hapa nchini waingie katika hadithi kwa jinsi walivyo. Hapo Malaba pana msururu wa malori ambamo dereva kutoka Mombasa analala siku kadhaa akisubiri karatasi, anakula kwa mkopo kwa mama mwenye kibanda, na anampigia simu wakala wa forodha ambaye kila mara "yuko njiani". Hicho ni kichekesho kamili na hakihitaji bunduki. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale kuna Wakongo walioishi miaka mingi wakiongea, wakiimba kwaya na kuposana kwa Kiswahili. Arua kuna wafanyabiashara wanaokitumia kila siku katika biashara na Wakongo wa ng'ambo ya pili ya mpaka. Bombo kuna familia za Wanubi ambazo bibi huwasimulia wajukuu kwa lugha mbili au tatu katika kikao kimoja. Watu hawa wanadaiana, wanaoneana wivu, wanafilisika na kuoana, na wote wana king'amuzi au simu, kwa hiyo nao ni watazamaji wanaolipa.

Nawaomba pia waongozaji wasimpe nafasi ya Kiswahili mwigizaji ambaye hakijui huku wasemaji wa kweli wakiwa wamejaa kuanzia Busia hadi Kasese. Mwigizaji hodari akiongea lugha yake hana haja ya kuivunja ili achekeshe, kwa sababu ana mizaha ya ndani ya lugha, ana mafumbo, ana namna ya kunyamaza na ya kuguna ambayo haiwezi kukaririwa asubuhi ya siku ya kurekodi. Tume ya Mawasiliano ya Uganda, ambayo ndiyo iliyoanzisha Tamasha la Filamu la Uganda mwaka 2013, ina uwezo wa kulisukuma jambo hili kwa kuwatia moyo waandishi wa miswada ya Kiswahili, iwe kwa tuzo au kwa mafunzo. Na kama ni lazima afande abaki, basi mwandishi atakayeanza msimu mpya ampe jina, amwandikie mke anayempigia simu akiwa zamu pale kizuizini, na amwache amjibu mkewe kwa Kiswahili kilekile anachowapigia watu kelele.

Wako,
Mtazamaji, Tororo