Kwa nini tunachota maji baridi pia

Tukituma makadirio ya gharama za kupima joto la chini ya ardhi, swali hurudi karibu lilelile: "Nimewaita mpime chemchemi ya maji moto. Mto na kisima vinaingiaje humo?"

Vinaingia, tena sana. Kipimajoto ukikichovya kwenye chemchemi hakikwambii mengi, maana maji yakishafika juu hayazidi kiwango cha kuchemka hata kama yametoka kwenye mwamba wa nyuzi 250. Habari za chini zimo kwenye madini yaliyoyeyuka. Maji yakizidi kuwa moto huyeyusha silika (madini yaliyo kwenye mchanga) nyingi zaidi, na yakipanda haraka hufika nayo juu kabla haijaganda njiani. Maabara huipima, kanuni ikatupa joto la chini.

Tabu ni maji ya juu yanayojichanganya humo. Tuseme maji ya chini yana miligramu 300 za silika kwa kilo: kanuni ya kwatzi, yaani silika iliyo kwenye miamba, inatoa nyuzi 209 hivi. Nusu kwa nusu na maji ya mto yenye miligramu 20, sampuli itasoma 160, na kanuni ileile itasema 165. Nyuzi zaidi ya arobaini zimepotea, na mwekezaji anaweza kuliacha eneo zuri hivihivi. Tukichota mto na kisima pia, tunajua maji baridi yana nini, na tunaweza kukadiria yamechanganyika kiasi gani.

Pia hatutegemei silika peke yake. Uwiano wa sodiamu na potasiamu hauyumbishwi sana na maji ya mto, na hubadilika polepole maji yanapopoa. Magnesiamu ndiyo mchongezi: maji yaliyokaa kwenye joto kali huwa nayo kidogo mno, kwa hiyo ikijaa tunajua kuna mgeni, yaani maji ya juu. Pembetatu aliyoichapisha mwanajiokemia Werner Giggenbach mwaka 1988 huyaweka madini hayo matatu kwenye mchoro mmoja.

Kwenye maji ya magadi ya Bonde la Ufa tunakuwa waangalifu zaidi. pH (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) ikipita 9, silika huyeyuka kwa wingi hata bila joto kubwa, na kanuni isiyorekebishwa hutoa namba tamu za uongo.

Tafadhali usituletee maji kwenye chupa ya kioo. Kioo chenyewe kina silika. Sisi hutumia chupa za plastiki: moja maji yaliyochujwa na kutiwa asidi ya naitriki kwa ajili ya metali, nyingine yaliyozimuliwa mara kumi palepale ili silika isigande. Namba zikipingana, ripoti itazionyesha zote. Hatuchukui wastani.