Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Naanza na lililotukwamisha. Kioo cha darubini yetu kubwa kilitufikia kikiwa na ufa, na msafirishaji anatupiga kalenda hadi leo. Ndiyo maana mikesha mingi ya mwaka huu iligeuka vikao vya kusoma. Tuliyemsoma zaidi ni Tsutomu Seki wa Japani, na nitamzungumzia yeye kuliko hesabu za chama, ambazo mhazini anazimudu kunishinda.

Seki alizaliwa mwaka 1930 huko Kochi, katika kisiwa cha Shikoku. Hakuwa profesa, alikuwa mwalimu wa gitaa. Alianza kusaka nyotamkia mwaka 1950, na ya kwanza akaipata Oktoba 1961. Hesabuni wenyewe: miaka 11 ya kuamka alfajiri na kurudi ndani mikono mitupu. Kwetu hapa kuna waliochoka kwa miezi mitatu. Siwalaumu, baridi ya saa kumi usiku naijua.

Ya mwaka 1965 mliiomba isimuliwe mara mbili. Alfajiri moja ya Septemba, kwa darubini ndogo aliyojiundia, Seki aliona doa la ukungu lisilokuwa kwenye ramani. Alfajiri hiyo hiyo, dakika chache tu zikiwatenganisha, kijana wa kiwanda cha piano aitwaye Kaoru Ikeya naye aliliona, kila mmoja hana habari za mwenzake. Tarehe 21 Oktoba nyotamkia hiyo, Ikeya-Seki, ilipita kilomita 450,000 hivi juu ya uso wa jua. Iling'aa hata ikaonekana mchana, mtu akiziba jua kwa kiganja, kisha kiini chake kikapasuka vipande.

Baada ya sifa hiyo, mbona akageukia asteroidi, mawe yanayolizunguka jua, yasiyo na mkia wala mashabiki? Hapa ubishi ulipamba moto, na kikao kilimalizika usiku sana.

Kazi yenyewe ni ya subira. Unapiga picha mbili za sehemu moja ya anga kwa kupishana muda. Nyota zinabaki palepale. Kidoa kilichosogea ndicho chako. Unapima mahali kilipo, unapeleka vipimo, unakifuata usiku mwingine na mwingine. Obiti, yaani njia yake ya kulizunguka jua, ikishajulikana vizuri, mara nyingi baada ya miaka, jiwe linapewa namba, na hapo ndipo mgunduzi anaruhusiwa kupendekeza jina. Kwa darubini ya kioo cha sentimita 60 iliyowekwa Geisei, karibu na Kochi, mwaka 1981, Seki alifikisha zaidi ya asteroidi 200.

Mimi nilikuwa upande wa waliosema jibu liko kwenye majina. Nyotamkia hubeba jina la aliyeiona. Asteroidi humpa mgunduzi nafasi ya kuwataja wengine, na Seki akataja kwao: 2396 Kochi, 2571 Geisei, 2835 Ryoma kwa heshima ya samurai Sakamoto Ryoma aliyezaliwa Kochi, hata 2582 Harimaya-Bashi, ambalo ni daraja dogo tu la mjini. Jina lake mwenyewe lilipandishwa na wengine: 3426 Seki ni jiwe lililogunduliwa na Karl Reinmuth kule Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1932, Seki akiwa bado mtoto wa kubebwa.

Kutokana na vikao hivyo, kamati inaleta hoja moja. Daftari la chama liandikwe kila usiku tunaotoka, hata wa mawingu, hata usioleta kitu, pamoja na saa, sehemu ya anga na majina ya waliokuwepo. Mpaka sasa tumekuwa tukiandika usiku mzuri tu, na katibu amekiri kuna miezi ambayo kurasa ni nyeupe kabisa ilhali tulikuwepo uwanjani.

Kuhusu kioo, tumepata fundi aliye tayari kukisugua kipya kwa bei tunayoimudu, ada zilizobaki zikilipwa. Orodha ya wanaodaiwa iko kwa mhazini. Jina langu nalo limo. Hoja ya daftari itapigiwa kura mhazini akishamaliza kusoma hesabu.