Kwa vijana wa Buruburu mnaobishania vyuo

Wanangu,

Jumapili nilipita pale kibandani kwa Mama Chapati nikawasikia. Mmoja anaapa kwamba aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi hakosi kazi, mwingine anamjibu kuwa maofisini siku hizi ni Strathmore. Yule mwenzenu wa chuo kisichojulikana alikuwa kimya, anakoroga chai iliyokwisha kupoa. Ni kwa ajili yake ninaandika.

Nilikaa miaka 26 katika ofisi ya utumishi ya kiwanda kimoja Industrial Area. Zikitangazwa nafasi mbili, bahasha zilikuja kwa gunia. Msidhani tulizisoma zote. Nilizigawa mafungu kwa jina la chuo, na fungu la vyuo nisivyovijua lilikaa sakafuni mpaka mfagiaji akaniuliza alipeleke wapi. Sijivunii. Jina la chuo lina kazi yake, na ndiyo hiyo: bahasha isikae sakafuni.

Kwenye usaili jina hilo huwa limeshanyamaza. Msimamizi wa ghala bora niliyewahi kumwajiri, chuo chake sikuwa nimekisikia. Alikuja atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, miezi mitatu, akahesabu stoo upya bila kutumwa, akatuonyesha mali ilipokuwa ikipotelea. Vyeti vyake niliviomba baadaye, kwa ajili ya faili tu.

Tena ziko taaluma zenye mlango wao wenyewe. Mhasibu ataulizwa CPA, cheti cha uhasibu, na KASNEB, bodi ya mitihani yake iliyoanza 1969, haijali ulilala bweni gani. Wakili atapita Kenya School of Law kule Karen. Anayenitia hofu ni mhandisi: Bodi ya Wahandisi isipoitambua kozi yake, haandikishwi, hata chuo kiwe na lango la marumaru. Kwa hiyo wadogo zenu wakijaza maombi ya vyuo kwa KUCCPS, waulizieni kozi kwenye bodi kwanza.

Na hicho cha Nairobi mnachokitaja kwa sauti kubwa, wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956 waliingia chuo cha ufundi. Chuo kikuu kamili kikawa 1970. Hao wa mwanzo waliomba kazi kwa jina gani?

Wewe wa chai, njoo kwangu Jumamosi na wasifukazi wako. Ile kazi uliyofanya Gikomba ukiwatunzia wauza mitumba vitabu vya hesabu tuipandishe juu, chuo kiteremke. Fika kabla ya saa nne, nina matanga Kayole.

Mzee wenu wa Phase 3