Wanangu wa vyuoni, pigisheni muhuri

Kamwene, wanangu.

Nawaandikia ninyi mnaosoma Iringa, Mbeya na kote huku nyanda za juu kusini, na nina hasira. Wiki iliyopita mpangaji wangu, kijana wa mwaka wa pili, alikunja godoro akalifunga kwa kamba ya katani, akalipakia kwenye bajaji kwenda stendi ya Igumbilo. Amediskoo, yaani ameondolewa masomoni kwa kufeli. Hata kuniaga alishindwa. Niliporudi kufagia chumba, nikakuta juu ya kabati karatasi mbili za majaribio zilizosahihishwa kwa wino mwekundu: 14 kati ya 20, na 13 kati ya 20. Nikakaa kwenye chaga za kitanda nikazitazama weee.

Ni za somo lilelile lililomwangusha. Alama za majaribio hazikuingizwa, ikabaki 33 ya mtihani wa mwisho peke yake, na 33 ni E. Ongeza zile 27 zilizokuwa juu ya kabati: 60, yaani B+. Na alijua! Alinionyesha simu yake: "Shikamoo sir, naomba kuulizia CA yangu," yaani alama zake za majaribio. Tiki mbili za bluu, kimya. Akaandika tena, na tena. Kwenye grupu la darasa wakamwambia ndivyo sir alivyo, vumilia. Sapu, ule mtihani wa marudio, ilipofika hakwenda, kwa kuamini alama zitarekebishwa. Kutoonekana kwenye sapu ndiko kulikommaliza.

Nimefanya kazi masjala ya chuo miaka 19 kabla ya kustaafu, na chuo chenyewe sicho alichosoma huyu. Nisikilizeni. Manung'uniko hayana faili. Ujumbe wa WhatsApp haupelekwi kwenye kikao. Kinachopelekwa kikaoni ni barua yenye kumbukumbu namba.

Kwa hiyo andika barua. Weka jina, namba ya usajili, msimbo wa somo, muhula, kilichotokea na unachoomba. Usimtukane mtu, wala usieleze jinsi ulivyolia. Ambatisha vielelezo, lakini karatasi halisi baki nazo, toa fotokopi. Halafu, na hapa ndipo mnaponikera, nenda na nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, iwe na tarehe na saini. Usitoke pale mlangoni bila muhuri. Wakikwambia "acha tu hapo mezani", simama hapohapo, omba kwa adabu, omba tena.

Kuna binti mmoja simsahau. Alikata rufaa, akaambiwa imechelewa, muda umepita. Wenzake wangetoka wakilia. Yeye akafungua bahasha ya kaki, akatoa nakala yake: muhuri wetu, saini yangu mimi mwenyewe, siku mbili kabla ya mwisho. Barua ilikuwa imekaa chini ya rundo la mafaili. Ofisi nzima ilinyamaza. Jalada likafunguliwa, ikaonekana alama zake ziliandikwa kwenye namba ya usajili ya jirani yake, tarakimu moja tu imekosewa. Angetegemea mdomo, nani angemwamini?

Mengine nayataja kwa kifupi. Anza kwa mwalimu wa somo, kisha mkuu wa idara, kisha ofisi ya kitivo. Kinachoshindikana huko ndicho huenda kwenye rufaa rasmi, na mwisho wake ni Seneti, kikao kikuu cha taaluma cha chuo. Matokeo ni ya muda mpaka Seneti iyathibitishe, basi wahi kabla hayajafika huko. Rufaa ina siku zake na mara nyingi ina ada, soma kanuni za mitihani za chuo chako, na risiti usiitupe. Alama iliyokosekana au iliyojumlishwa vibaya ni hoja; "nilistahili zaidi" si hoja. Kusahihishiwa upya kunaweza hata kushusha. Ukiugua, omba kuahirisha mtihani kabla, usisubiri matokeo ndipo ulete cheti cha daktari. Sapu nenda hata kama umekata rufaa, labda uwe umeambiwa kwa maandishi usiende. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, haisahihishi mitihani, kwa hiyo msikimbilie huko kabla hamjamaliza ngazi za chuo. Na mwalimu akitaka pesa au mwili wako ili akupe alama, hiyo si rufaa, ni jinai chini ya sheria ya rushwa ya mwaka 2007. Piga TAKUKURU, 113, bure.

Lakini siwezi kuwalaumu ninyi peke yenu. Ni sisi tuliowalea kwa "usibishane na mkubwa", mkaingia chuoni mkiona kuuliza alama zako ni utovu wa nidhamu. Mtoto ametoka Makete hadi hapa kwa mauzo ya viazi vya mama yake, halafu anaogopa kugonga mlango! Na ninyi walimu mnaoona ujumbe mkaupita, huyo kijana mkopo wake umesimama, na deni alilokwisha kula bado litamdai. Dakika tano za kufungua daftari la alama zingetosha.

Na wewe mwanangu uliyeondoka na bajaji, ukiusoma waraka huu ujue chumba sijampangisha mtu. Karatasi zako nimezitia kwenye bahasha, ziko kwenye sanduku langu la nguo. Panda gari urudi. Tutaandika barua pamoja, tuombe rufaa ipokelewe nje ya muda na tueleze kwa nini. Mlangoni nitasimama na wewe mpaka muhuri ugongwe.

Bibi yenu, Kihesa, Iringa