Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: siku ya mafuriko, njia ni ya nani?

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni karani wa mahudhurio. Kila alfajiri nakaa mlangoni na daftari, na kila anayeingia anatia sahihi. Saa moja na robo napiga mstari mwekundu. Aliye chini ya mstari amechelewa, na asiyetokea kabisa namwandikia H, yaani hayupo. Mwisho wa mwezi kila H ni siku iliyokatwa.

Wiki ile ya mvua kubwa niliandika H kumi na tisa asubuhi moja. Wino ulisambaa kwenye karatasi kwa sababu mikono yangu mwenyewe ilikuwa imelowa. Wengi wao nilijua walipo. Daraja lilikuwa limefunikwa, mabasi yamesimama, na simu yangu haikutulia. Mama mmoja, aliyefanya kazi miaka kumi na moja bila kukosa, alinitumia picha: maji ya rangi ya udongo, na kibao cha kituo cha basi kikichungulia juu yake. Chini aliandika, "Nijaribu kuvuka?"

Mheshimiwa, nilikaa na swali hilo dakika nzima. Nikimwambia avuke, nimemtuma majini. Nikimwambia arudi, nimemkata siku kwa mkono wangu. Nilimwambia arudi. Mshahara ulipotoka alikuwa amekatwa siku tatu, na ile posho ya kutokosa kazini nayo ikapotea. Wenzetu wa ofisini, ambao siku hizo walifanya kazi kwa kompyuta wakiwa nyumbani, hawakukatwa kitu. Mvua ilikuwa ileile.

Nimesoma sheria kadiri ya uwezo wangu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi anayejiondoa kwenye hali ya kazi akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba maisha au afya yake viko katika hatari kubwa iliyo karibu, alindwe asiadhibiwe isivyostahili. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa kwenye orodha ya mikataba ya msingi. Ni jambo jema. Lakini kinga hiyo inamfaa zaidi aliyekwisha kufika. Yule aliyesimama ukingoni mwa maji saa kumi na moja alfajiri, akisoma ujumbe wa msimamizi unaosema "kila mtu afike, sitaki visingizio", anaamua peke yake, naye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuamua vizuri. Mwenye kodi ya nyumba shingoni atavuka.

Wako waliokwisha kulifikiria hili. Hong Kong, tahadhari ya kimbunga ya namba 8 au zaidi, au ya mvua kubwa ya ngazi nyekundu au nyeusi, ikiwa imetangazwa, mfanyakazi anayeumia akiwa kwenye njia yake ya moja kwa moja kwenda kazini, ndani ya saa nne kabla ya kazi kuanza, huhesabiwa ameumia kazini. Vivyo hivyo ndani ya saa nne baada ya kutoka. Tazama walivyofanya: wameifunga sheria kwenye tangazo la hali ya hewa, hivyo hakuna anayebishana na msimamizi kama mvua ilikuwa kubwa au ndogo.

Hispania walijifunza kwa uchungu. Tarehe 29 Oktoba 2024 mafuriko ya Valencia yaliua watu zaidi ya 200. Tahadhari ilifika kwenye simu za watu baada ya saa mbili usiku, wakati miji kadhaa imekwisha kujaa maji na wengi wakiwa kazini au njiani kurudi. Kabla Novemba haijaisha, serikali ilitunga likizo ya hadi siku nne yenye malipo kwa anayeshindwa kufika kazini kwa sababu ya hali ya namna hiyo. Mwezi mmoja tu. Naomba sisi tusisubiri makaburi ndipo tuandike kifungu.

Najua mwajiri naye ana mzigo. Mashine ikisimama hasara ni yake, na mwenye vibarua watano hawezi kubeba siku nne kama anavyozibeba mwenye mia tano. Kwa hao wadogo serikali ichangie, au saa zifidiwe baadaye kwa makubaliano yaliyoandikwa kabla ya msimu wa mvua, si siku ya mafuriko yenyewe. Ila kumlazimisha mtu atumie likizo yake ya mwaka kwa ajili ya daraja lililozama, hilo siwezi kulitetea hata kidogo.

Ninachokuomba ni kanuni inayotaja ngazi ya tahadhari ambayo ikitangazwa na mamlaka ya hali ya hewa, asiyefika kwa sababu njia haipitiki haandikiwi utoro, hapewi barua ya onyo na hakatwi mshahara. Kibarua wa kutwa awemo, maana yeye ndiye wa kwanza kusahaulika. Na anayeumia njiani siku hiyo alipwe fidia kama aliyeumia kazini.

Daftari langu lina alama mbili tu, yupo na hayupo. Nipe ya tatu, Mheshimiwa, kabla mvua nyingine hazijaanza na yule mama hajanitumia picha nyingine.

Wako mtiifu,
Karani wa mahudhurio