Mama Pacha, kweli nimepiga kura

Iowa City, Novemba 2022

Mama Pacha dada yangu, habari za Louisville? Mapacha hawajambo? Sisi wazima, Mungu ni mwema, baridi tu ndo imeshaingia. Nisamehe kwa kimya, ile sauti yako ya WhatsApp niliisikiliza nikiwa breki kazini nikasema nitamjibu jioni, jioni yenyewe ndo leo.

Uliuliza kama kweli nimepiga kura. Kweli dada! Jumanne ya tarehe 8, nimetoka shifti moja kwa moja na buti zangu, maana huku vituo vinafungwa saa mbili usiku. Nikaonyesha leseni ya gari, mama mmoja mzee akatafuta jina langu akalikuta, akanipa karatasi na kalamu nyeusi. Basi. Nilikaa pale na ile karatasi mkono unatetemeka. Unakumbuka 2006 kule kambini Nyarugusu, Tanzania, tunavyosikiliza uchaguzi wa kwetu redioni kwa mzee wa kwaya, wengine wanachagua sisi tunapanga foleni ya mahindi? Na 2011 vilevile. Miaka 34 hii ndo mara yangu ya kwanza kuulizwa namtaka nani.

Sasa nashusha macho nakutana na Chuck Grassley. Dada, hilo jina mi nimelikariri jikoni nikisonga ugali! Kwenye yale maswali 100 ya uraia kuna moja linasema taja seneta mmoja wa jimbo lako, na ofisa aliniuliza hilohilo, nikajibu Grassley, akatiki. Halafu miezi michache tu niko naye kwenye karatasi na kiduara cheupe pembeni, nikipake wino au nikipite.

Ana miaka 89. Seneti yupo tangu Januari 1981, mimi na wewe hatujazaliwa, na kwenye bunge la jimbo alishaingia 1959, huko kwetu bado ni Kongo ya Wabelgiji. Hii anayoomba ni awamu ya nane, ya miaka sita, akiimaliza atakuwa na 95. Baba watoto kampigia, na hakuficha. Anasema mtu anayezunguka kaunti zote 99 za Iowa kila mwaka anakaa na wakulima anaulizwa maswali, kosa lake lipi, umri? Kwetu mzee anaheshimiwa. Tumebishana mpaka chakula kikapoa.

Mi nilimpigia mpinzani wake, Mike Franken, yule admirali mstaafu. Si kwamba namchukia mzee. Ila tumezaliwa tumemkuta Mobutu, wazazi wetu wamezeeka na Mobutu, najua kiti kikizoea mtu mmoja watu wanaacha hata kuwaza mwingine. Baba watoto akaniambia usifananishe, Mobutu alimuuliza nani? Huyu kila miaka sita anarudi kuomba. Hapo alinishika kweli, nililala naliwaza hilo. Na bado nasema miaka 42 inatosha.

Mzee akashinda, kama asilimia 56 kwa 44. Huku mjini kwetu Franken aliongoza, ila vijijini ndo kwa mzee. Lakini sikia, tangu 1986 kila akigombea alikuwa anapita sitini, safari hii hakufika, na kati ya hao waliomkataa mmoja ni mimi wa Nyarugusu! Nilidhani nitaumia, wapi, asubuhi nimeenda kazini nimenyooka. Kile kistika cha nimepiga kura nimekibandika kwenye friji, mtoto kakibandua mara mbili nimekirudisha.

Ndo maana nakuandikia dada, maana kwenye sauti yako ulisema sisi kura zetu zitabadilisha nini. Mwezi wa tisa umetimiza miaka mitano huku Marekani, fomu ya uraia umeshajaza au bado iko kwenye droo? Ni zile dola 725 zinakuzuia? Kuna fomu ya kuomba kusamehewe ada kama kipato ni kidogo, yule mama wa kanisani kwenu aliyemsaidia Mchungaji hawezi kukujazia? Au ni Kiingereza unaogopa? Wanakuuliza kumi tu unapata sita umepita, na la seneta wewe utajibu McConnell, huyo naye yupo tangu 1985, lishike leo. Mwakani mwezi wa 11 Kentucky mnachagua gavana, hutaki uwepo? Baba Pacha yeye anasemaje? Na mama yako Nyarugusu faili lake limefika wapi, maana ukiwa raia unaweza wewe mwenyewe kumwombea aje huku, hilo umeliwaza?

Nipigie jumapili mkitoka ibada, nitakaa na simu. Tutayapitia hayo maswali pamoja, nianze na lile la kwanza.

Dada yako wa Zone 4